Majani ya Mama Mkwe Chini ya Zege

Kwa miaka thelathini na mmoja nilikuwa nyapara wa barabara, na kwa miaka yote hiyo nilikuwa na maadui wawili: maji na majani. Maji yakiingia chini ya lami, lami inapasuka. Majani yakiota pembeni mwa barabara, mizizi inayakaribisha maji, na lami inapasuka vilevile. Nilikuwa na hotuba yangu kuhusu jambo hili, na kila kibarua aliyeanza kazi kwangu aliisikia siku ya kwanza, amesimama juani na koleo mkononi. "Jani moja leo, shimo mwakani!" Niliitunga mwenyewe. Niliipenda sana, ingawa sikumbuki kama kuna mtu aliyewahi kuipigia makofi.

Natanguliza habari hizi ili ieleweke kwamba nilichomfanyia mke wangu sikukifanya kwa ujinga. Nilikifanya kwa utaalamu.

Nyumba yetu iko chini ya mteremko. Maji ya nyumba zote za juu, ya mvua na ya kufulia, yakishachoka safari yanakuja kupumzika nyuma ya jiko letu. Ua ule haukauki hata kiangazi. Nyasi za kawaida zilioza, maua yakaoza, mpaka mke wangu alipokwenda kwao akarudi na kikapu cha majani aliyopewa na mama yake, yaliyokuwa yanaota ukingoni mwa kijito. Ni majani yanayotambaa, hayafiki hata kwenye kifundo cha mguu. Yanashikana mpaka udongo hauonekani, na mvua zikikaribia kwisha yanazaa vitunda vidogo vyekundu. Jina lake halisi sikulijua. Nyumbani tuliyaita majani ya bibi, na ua ukawa wa kukanyagika, mtu anapita na viatu vyake safi.

Mama mkwe alipofariki, mke wangu alizidi kuyaangalia. Kila asubuhi kabla ya chai aliinama pale, akang'oa hiki, akakielekeza kile kitawi upande mwingine. Mimi nilikuwa mezani jikoni, dirisha liko wazi, nakunywa chai yangu. Kwa miaka ishirini na miwili nilimwona akiinama.

Nikastaafu. Mtu aliyezoea kupigia kelele watu arobaini akiachwa nyumbani na mke mmoja asiyepigiwa kelele, anaanza kutafuta kazi. Mwezi wa tatu nikaikuta: nyuma ya jiko langu kulikuwa na maji na majani, yote mawili, yamekaa pamoja kwa raha zao.

Nafasi ikaja yenyewe. Binti yetu, mtoto wetu wa pekee, alipata nyumba mpya, na mama yake akaenda siku nne kumsaidia kuhamia. Aliondoka na sufuria mbili, mapazia, na chungu kilichofungwa kwa gazeti. Sikuuliza kina nini. Nilikuwa nangoja afike kwenye kona ili nipige simu ya kokoto.

Siku ya kwanza nilikwangua. Siku ya pili nilishindilia. Siku ya tatu nilimwaga zege, na ya nne nilikaa kwenye kiti nikalitazama. Nitasema kweli, lilikuwa zege zuri. Ningeweza kumwita waziri alizindue.

Mke wangu aliporudi alisimama kwenye mlango wa jiko, mkoba bado begani.

"Majani ya mama yangu yako wapi?"

"Yapi? Yale? Mke wangu, mimi nilidhani magugu tu."

Akalitazama lile zege kwa muda. Kisha akasema, "Haya," akaingia ndani kuvua viatu. Nimeoa miaka thelathini na minne, na bado ile "haya" niliihesabu kuwa pongezi.

Maji nayo hayakuhama. Yalikuja kama kawaida yao, yakakuta zege, yakatandaa juu yake, na baada ya miezi miwili likaota utando wa kijani unaoteleza kama bamia. Nilisugua kwa brashi, ukarudi. Nikamwambia mke wangu asiwe na wasiwasi, mambo haya yanachukua muda. Mwezi wa sita alitoka na beseni la nguo, na nilisikia beseni kabla sijamsikia yeye.

Mguu ulivunjika juu kidogo ya kifundo. Nilimkuta amelala ubavuni, nguo zimetawanyika, amefumba macho kwa maumivu, na mimi, Mungu anisamehe, nilichuchumaa kando yake nikaanza kumweleza kwamba mteremko wa zege uko sawa kabisa, niliupima mwenyewe kwa pimamaji. Akafungua macho akanitazama. Jirani ndiye aliyekwenda kutafuta gari.

Kutoka hospitali binti yetu akamchukua kwake, maana kwake hakuna ngazi wala utelezi. Nikawa nakwenda kila Jumapili. Naegemeza mwavuli wangu kwenye chungu cha maua kilichoko mlangoni, nakaa, nakula nilichopewa, naondoka. Baada ya miezi miwili plasta ikakatwa. Jumapili hiyo nilipiga pasi shati langu jeupe nikakodi teksi nzima kwenda kumrudisha mke wangu.

Alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, fimbo ya kutembelea iko magotini.

"Baba watoto," akasema, "mimi kwenye lile zege sirudi. Siku majani ya mama yatakaporudi pale, na mimi nitarudi."

"Sasa mama watoto, hayo majani nitayatoa wapi?"

"Wewe si ndiye mtaalamu?"

Binti yetu alikuwa anaangalia dari kwa makini. Nilirudi na teksi tupu, na dereva hakuacha kuniangalia kwenye kioo.

Basi nikajua nyumba bila mke ikoje. Niliunguza sufuria tatu. Niligundua kwamba chumvi tunaiweka kwenye kopo lililoandikwa kahawa, na niligundua kwa kuinywa. Lakini hayo ni mambo ya tumbo. Kilichoniuma hasa ni asubuhi, nikiwa na kikombe changu mezani, dirisha liko wazi na hakuna mtu anayeinama pale nje. Nilimkosa mke wangu. Nilimkosa mpaka nikanunua nyundo kubwa na tindo.

Zege la watu wengine lingevunjika kwa siku mbili. Langu lilichukua siku kumi na moja. Kila nilipopiga lilinirudishia mikono mpaka mabegani, na kila jioni nilijilaani kwa kutochakachua saruji kama wenzangu.

Ua ulipokuwa matope tena, nikaenda kwa mama mmoja anayeuza miche kando ya barabara. Ana makopo ya rangi yaliyojaa miche pande zote, naye amekaa katikati.

"Nataka majani yanayotambaa," nikamwambia. "Ya mahali penye maji. Yanazaa vitunda vyekundu."

"Jani lake likoje? La mviringo, au limechongoka?"

"La kijani."

Akanitazama. "Nauliza umbo, baba. Ukingo wake una meno? Lina manyoya?"

Nikajaribu kuchora hewani kwa kidole, nikachora kitu kinachofanana na koleo.

"Umeishi na mmea huo muda gani?"

"Miaka ishirini na miwili."

"Pole," akasema, na sikuwa na uhakika pole hiyo ni yangu au ya mmea. Akanieleza kwamba kwa kukisia kwake ni majani fulani ya asili ya huku kwetu, ambayo hakuna anayeyauza kwa sababu zamani yalikuwa yanaota kila penye unyevu, na siku hizi hayaonekani kwa sababu watu wa barabara wanayakwangua. "Tafuta mahali ambapo maji yanachuruzika na watu wameshindwa kupatengeneza."

Moyo ukanishuka, maana mahali hapo nilipafahamu. Nilipatengeneza mimi.

Kuna kalavati moja, yale mabomba ya zege ya kupitishia maji chini ya barabara, kwenye kilomita ya kumi na nne. Siku ya kuliweka, pimamaji ilikuwa imesahauliwa kambini, na mimi nikaona ni aibu kuagiza kifaa wakati nina macho mawili. Nililiweka juu mno kwa kiasi cha kiganja. Maji hayajawahi kuingia ndani yake hata siku moja. Yanapita chini, yanachuruzika pembeni mwaka mzima. Wakubwa walipouliza, nilisema mpimaji ndiye aliyekosea vigingi, akakaripiwa yeye. Tangu hapo, kwa miaka kumi na tisa, nikienda upande ule nilizunguka njia nyingine.

Safari hii sikuzunguka. Nilifika asubuhi na magunia mawili, na kweli, ubavu mzima wa barabara ulikuwa umetandikwa majani ya mama mkwe, mazito, yanameremeta, yamestawi kwenye kosa langu. Kulikuwa pia na kikosi cha vibarua wenye makoleo, na nyapara wao, mtu mwenye kitambi, alikuja mbio ameinua mikono.

"Shikamoo mkuu! Mkuu mwenyewe!"

Alikuwa kibarua wangu wa zamani. Sasa amerithi kiti changu.

"Marahaba. Mnafanya nini hapa?"

"Tunakwangua, mkuu." Akawageukia watu wake, akapaza sauti ili nione jinsi alivyoiva. "Jani moja leo?"

"Shimo mwakani!" wakaitikia wote.

Hatimaye nikaisikia hotuba yangu ikishangiliwa, na nikatamani ardhi ipasuke.

"Yaacheni," nikasema.

"Mkuu?"

"Nayahitaji. Mke wangu... ni habari ndefu. Niachie."

Akakuna kichwa. "Mkuu, hapa pana maji, lazima tusafishe. Unajua, yule mpimaji wa enzi zile alituharibia hapa."

Hapo ningeweza kunyamaza. Nilikuwa nimenyamaza miaka kumi na tisa na nilishakuwa mzoefu.

"Siyo mpimaji," nikasema. "Ni mimi. Niliweka kwa macho."

Hakushtuka hata kidogo. Akanishika bega kwa upole, jambo ambalo hakuwahi kuthubutu wakati nikiwa bosi wake. "Tunajua, mkuu. Sisi ndio tuliokuwa tumelishika bomba."

Alinijazia magunia yote mawili, na akaahidi kuniachia kipande kimoja karibu na mdomo wa kalavati, asikiguse mpaka mvua ziishe. Zaidi ya hapo hakuwa na uwezo.

Mtu angetarajia kwamba baada ya hayo nilikuwa nimepata akili. Nilirudi nyumbani nikachimba ua, nikatandaza kokoto, nikaweka udongo juu, nikashindilia. Nikapiga vigingi, nikavuta kamba, nikapanda kwa mistari iliyonyooka, na nikachimba mtaro safi wa kuondoa maji yote. Nilipomaliza nilijipiga kifua. Wiki ya kwanza majani yakawa ya njano, ya pili yakawa ya kahawia, na ya tatu nilikuwa nikiyagusa yanavunjika.

Nikaenda kumwangukia yule mama wa miche aje aone. Alikuja na mkoba wake, akasimama kwenye mlango wa jiko, akatazama vigingi, akatazama kamba, akautazama mtaro.

"Mzee wangu," akasema, "magari yataanza kupita lini?"

Nilicheka ili nisilie. Akanionyesha kwa kidole. Mtaro ufukiwe. Kokoto zitoke. Udongo uachwe uwe mlaini, uchanganywe na majani yaliyooza, na maji yaachwe yaje kama yanavyokuja, maana hayo ndiyo chakula chake. Kila kitawi kilazwe chini, kifundo chake kiguse unyevu, kitatoa mizizi chenyewe. Nisikanyage. Nisipange mistari. Nisiguse.

"Halafu nifanye nini?"

"Ukae."

Nilirudi kwenye kalavati. Kikosi kilikuwa kimeshapita, na pote palikuwa pamekwanguliwa mpaka udongo mwekundu, isipokuwa kile kipande nilichoachiwa, kiasi cha mkeka mmoja. Nilijua wazi: nikikiua hiki, hakuna kingine, na mke wangu atazeekea kwa binti yake. Nilikitoa kwa mikono, bila koleo. Nilikibeba magotini njia nzima kama mtu aliyebeba mgonjwa.

Kisha nikakaa. Hakuna kazi ngumu niliyowahi kufanya kama ile. Niliweka kigoda kwenye mlango wa jiko, na kila asubuhi nikawa nakunywa chai pale badala ya mezani, na kwa kuwa nimekatazwa kugusa, nikabaki kuangalia. Ndipo nilipolijua jani. Ukingo wake una meno madogo, kumi na moja au kumi na mawili. Chini ni jeupe jeupe. Jani jipya linakuja limekunjwa katikati, kisha linafunguka polepole kwa siku tatu, na kikonyo chake kina wekundu upande wa jua tu. Wiki ya tano kitawi kimoja kilisogea kiasi cha kidole, na nikainuka kwenye kigoda nikapiga makofi peke yangu. Jirani akachungulia, akarudi ndani.

Mwezi wa nne yalikuwa yameshikana katikati ya ua. Matunda hayakuwepo. Hata maua hayakuwepo. Kila Jumapili mke wangu aliniuliza, "Vipi huko?" na mimi nikajibu, "Yanakwenda," na yeye akasema, "Haya," na sasa ile "haya" ilikuwa inanichoma.

Kisha ikaja Jumapili ya mvua. Nilifika kwa binti nimelowa, nikainama kuegemeza mwavuli kwenye chungu mlangoni kama nilivyofanya Jumapili zote, na mkono ukakwama hewani. Mbele ya pua yangu kulikuwa na jani jipya, limekunjwa katikati. Pembeni yake jingine, limefunguka, lina meno. Nikaligeuza. Chini lilikuwa jeupe jeupe. Vitawi vilikuwa vimejaa chungu kizima vikaning'inia nje, na katikati yake, mwavuli wangu ulikuwa umechimba kijishimo safi kwa kuegemezwa miezi yote hiyo. Kando ya kijishimo kulikuwa na vitunda saba vyekundu.

Nilibaki nimeinama mpaka binti yangu akatoka mbio. "Baba, mgongo?"

"Chungu hiki kimetoka wapi?"

Akauma midomo, akageuka kumtazama mama yake.

"Nilimletea siku alipohamia," mke wangu akasema kutoka kwenye kiti chake. "Kimefungwa gazeti. Ulinifungulia mlango mwenyewe."

"Na mnaniacha nazunguka dunia nzima?"

"Nilimwambia asikwambie. Kila Jumapili nakaa hapa naangalia ule mwavuli. Nasema leo ataona. Leo ataona." Sauti yake ikalegea kidogo. "Nikasema mtu asiyeyaona hata yakiwa chini ya mkono wake, nikirudi atamwaga zege tena."

Maji ya mvua yalikuwa yanatiririka kutoka kwenye koti langu mpaka kwenye zulia la binti. Nilikuwa na maneno mengi tayari. Nilikuwa na maelezo kuhusu mboji, kuhusu unyevu, kuhusu mtaro nilioufukia. Nikaona yote hayo ni kama ule mteremko wa pimamaji tu.

"Sikudhani magugu," nikasema. "Nilikudanganya. Nilijua ni ya mama yako. Nilikuwa nakuona kila asubuhi unayaangalia, nikayakwangua hivyo hivyo. Na mguu wako ni mimi niliyeuvunja. Nisamehe, mke wangu."

Binti akaingia jikoni, akafungua bomba la maji bila sababu.

"Najua ulijua," akasema. "Dirisha la jiko si lilikuwa wazi? Nilikuwa nakusikia ukivuta chai."

Kisha akaishika fimbo yake, akainuka taratibu. "Leta hicho chungu. Na mwavuli wako ubebe mkononi."

Ya kwangu hayajazaa mpaka leo ninapoandika. Yule mama wa miche anasema yatazaa mwakani, na nisimsumbue. Siku ile tulipofika nyumbani mke wangu alipita jikoni moja kwa moja, akasimama mlangoni akautazama ua, kisha akashuka. Nilimshika mkono. Alikanyaga mara moja, akasikilizia, akakanyaga tena. Hakuteleza. Nikafungua mdomo nimweleze jinsi nilivyofanya, nikaufunga.

Alinionyesha pa kuchimba, nikachimba. Vitawi vya mama yake tukavilaza katikati ya vile vya kalavati. Akachuma kitunda kimoja akanitia mkononi, na ndipo nilipokumbuka kwamba kwa miaka ishirini na miwili sikuwahi kukionja. Ni kichachu kidogo, kina mbegu nyingi, na kinakwisha upesi. Nikamwomba cha pili.